Mraba mmoja wa kiwanja: namna ya kufundisha seli, uainishaji na mfumo wa ikolojia shule ya msingi

Vitabu vingi vya sayansi huanza na kidogo na kwenda kwenye kikubwa. Kwanza seli, kisha makundi ya viumbe, mwisho mazingira. Mtu mzima anaona mantiki ya mpangilio huo. Mtoto wa miaka kumi anaona kwamba somo limeanza na kitu asichoweza kukiona wala kukishika, kwa hiyo anafanya analolijua: anakariri. Ataandika kwenye mtihani kwamba seli ni sehemu ndogo kabisa inayojenga kiumbe hai, atapata alama yake, na ukimuuliza kama mchicha aliokula jana usiku ulikuwa na seli atakutazama tu.

Mwongozo huu unakwenda kinyume. Unaanza kiwanjani, unapita kwenye makundi ya viumbe, unashuka hadi kwenye seli, kisha unarudi kiwanjani watoto wakiwa na macho mengine. Mada zote tatu zinafanyika juu ya kipande kimoja cha ardhi chenye ukubwa wa mita moja kwa mita moja. Nimeupanga kwa Darasa la IV hadi la VI, vipindi viwili kwa wiki, na unahitaji kama wiki tano. Darasa la III wanaweza kufanya hatua ya kwanza na nusu ya pili bila shida.

Kanuni ya kushika ni moja tu, nayo inahusu kila hatua hapa chini: jina la kitaalamu lije mwisho. Mtoto aone, aguse, abishane na mwenzake, na neno limkute tayari ana kitu cha kulitundikia.

Vifaa

Kwa kila kikundi: kamba ya katani au ya manila zaidi kidogo ya mita nne, vigingi vinne, rula, daftari na penseli, pamoja na chupa mbili za maji zilizokatwa katikati kwa ajili ya kuwekea viumbe kwa muda. Kwa darasa zima: kitunguu maji kimoja, viazi mviringo viwili, chumvi, ayodini kidogo kutoka duka la dawa (ile ya kupaka vidonda inafaa), yai, puto, boksi la viatu, bunda la uzi wa kufuma, na simu yako mwenyewe. Hadubini kama ipo, vizuri. Kama haipo, somo linaendelea.

Darasa la watoto tisini lisikutishe. Vikundi vya wanane au tisa vinatosha, mradi kila mtoto awe na kazi yenye jina: wawili wa kuhesabu, mmoja wa kuandika, mmoja wa kuchora, mmoja wa kuangalia saa, wengine wa kutafuta. Kikundi ambacho kila mtu ni "mtafutaji" hugeuka mchezo wa kukimbizana kabla ya dakika tano kuisha.

Hatua ya kwanza: pima mraba, andika kila kitu

Kila kikundi kipigilie vigingi na kufunga kamba kupata mraba wa mita moja. Usiwaache wachague mahali wenyewe, maana wote watakwenda chini ya mwembe. Wagawe: mmoja kivulini, mmoja kwenye jua kali, mmoja karibu na bomba au pale maji ya kunawia yanapomwagika, mmoja kwenye majani marefu pembeni mwa uzio, na mmoja pale wanapopanga mstari asubuhi, ambapo ardhi imekanyagwa hadi ikawa ngumu.

Kikundi cha huo mraba wa mwisho watalalamika. "Mwalimu, sisi tumepewa pasipo na kitu." Wabakishe hapo hapo. Baada ya robo saa watakuwa wameona sisimizi, tundu, kishina cha nyasi kilichobanwa kwenye ufa, labda unyoya wa kuku. Na watakuwa wameshika swali bora kuliko vikundi vyote: kwa nini hapa hakuna majani ilhali hatua tano tu kutoka hapa yapo? Jibu lake, yaani miguu ya watu, udongo ulioshindiliwa, maji yasiyozama na mizizi isiyopenya, ni somo zima la mfumo wa ikolojia, yaani viumbe na mazingira yao jinsi vinavyoathiriana, kabla hujalitaja.

Daftari ligawanywe safu mbili: vyenye uhai na visivyo na uhai. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Jani kavu liko wapi? Ganda tupu la konokono? Mbegu? Usikimbilie kuamua. Waache wapendekeze safu ya tatu ya vitu vilivyowahi kuwa hai, na kwa kawaida kuna mtoto atakayeipendekeza. Kuhusu mbegu, chukueni maharage matano, muyaweke kwenye pamba yenye unyevu ndani ya chupa iliyokatwa, na muyaache dirishani. Siku ya nne yatakuwa yamejibu yenyewe. Ndipo uandike ubaoni sifa za viumbe hai: kula, kupumua, kukua, kuzaliana, kutoa taka mwili, kuhisi na kujongea. Watoto wataziangalia kwa jicho la kuzipima, si la kuzinakili.

Mraba utembelewe mara mbili kwa siku moja, saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Asubuhi kuna umande, konokono bado yuko nje, na udongo ukiufinya unashikana. Mchana konokono amejificha na waliobaki juu ni sisimizi tu. Kama huna kipimajoto, mtoto aweke kiganja juu ya udongo nyakati zote mbili na aandike anachohisi. Hapo mwanga, joto na unyevu vinaingia kwenye daftari kama vitu vinavyoamua nani atoke na nani ajifiche. Mtoto aliyeandika hivyo hatauliza tena kwa nini "visivyo hai" vimo kwenye mada ya mazingira.

Usalama, na hapa usilegeze: viatu miguuni, hakuna mkono kuingia tundu lolote, na jiwe au gogo linageuzwa kwa fimbo, likivutwa kuelekea upande wako ili kilichojificha chini yake kitokee upande wa pili. Pita mwenyewe siku moja kabla kukagua siafu, upupu na nge. Viumbe waliowekwa kwenye chupa warudishwe mahali walipotolewa kabla kengele haijagongwa.

Hatua ya pili: wagawe kwa kanuni yao kwanza

Kila kikundi kiandike majina ya viumbe wake kwenye vipande vya karatasi, jina moja kipande kimoja. Waambie wavigawe mafungu mawili kwa kanuni yoyote wanayoitaka, ila wasiiseme. Kikundi jirani kije kukisia. Kelele zitakuwa nyingi na ni kelele za kazi.

Kisha zishambulie kanuni hizo moja moja. Waliogawa kwa ukubwa waulize kifaranga na kuku ni viumbe wa makundi mawili tofauti? Waliogawa kwa rangi waulize habari za kinyonga. Waliogawa kwa "wanaoruka na wasioruka" waulize mbuni aende wapi. Baada ya muda wanafika wenyewe: kanuni nzuri ni ile isiyobadilika kiumbe anapokua au anapohama. Wanasayansi hutazama jinsi mwili ulivyojengwa, jinsi kiumbe anavyozaliana, na ukoo aliotoka.

Sasa wafundishe kutengeneza ufunguo wa utambuzi, yaani maswali ya ndiyo na hapana yanayokupeleka hadi kwenye jina. Huu hapa wa viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo, uandike ubaoni na uwape waujaribu kwa walichokikuta:

1. Ana miguu? Ndiyo, nenda 3. Hapana, nenda 2.
2. Ana ganda mgongoni? Ndiyo: konokono. Hapana: huenda ni nyungunyungu.
3. Miguu ni sita? Ndiyo: ni mdudu. Hapana, nenda 4.
4. Miguu ni minane? Ndiyo, nenda 5. Hapana, nenda 6.
5. Ana mkia wenye mwiba? Ndiyo: nge. Hapana: huenda ni buibui au kupe.
6. Kila pingili ya mwili ina jozi mbili za miguu? Ndiyo: jongoo. Hapana, ni jozi moja tu: tandu.

Namba 3 italeta zogo, kwa sababu nyumbani kila kinachotambaa huitwa mdudu, buibui na tandu wakiwemo. Waeleze kwamba darasani tunadai miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kisha wape kazi ya kutengeneza ufunguo wao wa majani matano ya mraba wao. Hapo wataona wenyewe kwamba majani ya nyasi na mahindi yana mishipa inayokwenda sambamba, na ya kunde au mwembe yana mishipa iliyosukana kama wavu. Mng'oe mche mmoja wa kila aina mtazame mizizi: wa kwanza una mizizi mingi myembamba inayotoka pamoja, wa pili una mzizi mkuu mmoja unaoshuka. Tofauti hizo mbili zinakwenda pamoja, na mtoto aliyezigundua mwenyewe hasahau lipi ni lipi.

Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, makundi matano yanajulikana: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Kuyaorodhesha ni dakika mbili. Muda wako utumie kwenye viumbe wanaosumbua, kwa sababu uelewa wa mtoto unaonekana hapo. Mazungumzo huwa hivi:

"Mwalimu, popo ni ndege. Anaruka."

"Nzi naye anaruka. Ni ndege?"

Kimya. Mwingine anajaribu: "Popo hana manyoya ya ndege, ana ngozi."

"Anataga?"

"Hatagi, mwalimu. Kwetu darini kuna popo amebeba mtoto kifuani."

Ukifika hapo umeshinda. Sema tu kwamba anayezaa na kunyonyesha na mwenye malaika (vinyweleo laini) mwilini ni mamalia, hata akiruka. Kwa shule za mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara, mtihani mzuri zaidi ni wa pwani. Mtoto wa mvuvi ataweka fungu moja pweza, kamba, kasa, pomboo na changu, maana wote wanatoka baharini na wote wananaswa. Kwa mvuvi mgao huo una maana yake, usimkejeli. Mwulize kila mmoja anapumuaje. Kasa na pomboo hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo si samaki. Kasa hutaga mchangani na ni reptilia, pomboo hunyonyesha na ni mamalia. Pweza hana mfupa hata mmoja. Kamba ana gamba nje na miguu yenye viungo, jamaa yake wa karibu ni kaa. Aliyebaki samaki ni changu peke yake.

Juu ya makundi hayo kuna himaya, yaani mafungu makubwa zaidi ya viumbe hai. Kwa Darasa la IV zinatosha tatu: wanyama, mimea na kuvu. Uyoga utaupata penye gogo bovu au mavi makavu ya ng'ombe, na karibu kila mtoto atauweka kwenye mimea. Mwonyeshe kwamba hauna ukijani hata mahali pamoja, haujitengenezei chakula, unakula kile unachoota juu yake. Bakteria na protoktista (viumbe kama amiba) wasubiri Darasa la VI.

Majina ya kisayansi huwachosha watoto ukiyaleta kama orodha. Yalete kama fumbo. Andika ubaoni Panthera leo, Panthera pardus, Acinonyx jubatus na Felis catus, uwaambie ni simba, chui, duma na paka wa nyumbani. Uliza: wawili gani ni ndugu wa karibu zaidi, na umejuaje? Wataona jina la kwanza linafanana. Basi waambie kwamba utaratibu huu wa majina mawili ulienezwa na Mswidi aitwaye Carl Linnaeus katika karne ya 18. Faida yake ielezwe kwa mti wa kiwanjani: mwarobaini wa Tanzania baadhi ya watu wa Kenya huuita mkilifi, lakini Azadirachta indica ni ule ule kokote uendako.

Hatua ya tatu: shuka hadi kwenye seli

Anza na kiazi, si hadubini. Menya viazi, kata vipande vyembamba vya unene wa kama milimita tatu, gawa kwenye glasi mbili. Moja ina maji matupu, nyingine ina maji yaliyokorogwa na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Subirini kipindi kizima. Mwishoni watoto washike: kipande cha maji matupu ni kigumu, ukikikunja kinavunjika kwa mlio, cha maji ya chumvi kimelegea, kinajikunja kama ngozi. Maji ya ndani ya kiazi yametoka. Yalikuwa yamekaa wapi? Kiazi hakina tundu, hakina mfuko unaoonekana. Waache na swali hilo hadi kipindi kijacho. Sasa wana sababu ya kutaka kuona kilichomo ndani.

Kipindi kinachofuata ni cha kitunguu. Kikate vipande vinne, bandua tabaka moja nene, livunje taratibu kuelekea nje, na upande wa ndani utaona utando mwembamba kama nailoni umening'inia. Uvute kwa kucha. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kinatosha. Kitandaze kwenye plastiki ngumu inayopitisha mwanga bila mikunjo, dondoshea tone la ayodini iliyochanganywa na maji kiasi, ngoja dakika tatu, fyonza maji yaliyozidi kwa ncha ya karatasi ya chooni.

Wenye hadubini waanze na lenzi ndogo. Wasio nayo watafute lenzi ndogo ya plastiki iliyomo ndani ya kalamu ya leza ya kuchezea au ndani ya deki mbovu ya CD. Mafundi redio wanazo tele na mara nyingi hawadai pesa. Ibane kwenye kibanio cha nywele, uiweke juu kabisa ya jicho la kamera ya simu, gundisha kwa selotepu. Chini ya plastiki weka tochi ya simu nyingine iliyofunikwa karatasi nyeupe ili mwanga usichome. Sogeza simu karibu sana, milimita chache tu kutoka kwenye kitunguu, na kwa kuwa mkono hutetemeka, iegemeze juu ya vitabu viwili. Utaona vyumba virefu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, na vilivyoshika ayodini vizuri vitakuwa na nukta ya rangi ya kahawia ndani yake. Piga picha, na watoto waje kikundi kwa kikundi waichore. Wachore walichokiona, si kilichochorwa kitabuni. Mtu akichora seli ya mduara mzuri yenye kiini katikati, mrudishe akatazame tena.

Rula iingie hapa. Seli nyingi za utando wa kitunguu zina urefu wa karibu robo milimita, kwa hiyo nne zikifuatana zinafika milimita moja. Mtoto aweke penseli kwenye alama moja ya milimita na afikirie vyumba vinne humo. Chembe nyekundu ya damu ni ndogo mno kuliko hizo: upana wake ni kama sehemu saba za elfu za milimita. Lakini damu isichukuliwe darasani kwa sindano wala kwa wembe, hata mtoto akijitolea, kwa sababu ya ukimwi na homa ya ini.

Kuna ua la urembo lenye majani ya zambarau ambalo shule nyingi zimelipanda pembeni mwa njia, la jamii ya Tradescantia. Ukibandua ngozi nyembamba ya upande wa chini wa jani lake huhitaji ayodini kabisa, maana seli zake zina rangi zenyewe. Na hiyo ngozi ikitiwa maji ya chumvi, baada ya dakika chache rangi inajivuta kutoka kwenye kuta za chumba na kurundikana katikati. Hapo ndipo fumbo la kiazi linapofumbuka: maji yalikuwa ndani ya seli, na chumvi imeyavuta nje.

Sasa majina. Ukuta wa seli, utando wa seli, saitoplazimu, kiini, vakuoli (mfuko wa maji ndani ya seli), na kwa seli za majani mabichi, kloroplasti zenye klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Jengeni mfano: boksi la viatu ni ukuta, puto lenye maji yaliyochanganywa na uji mwepesi ni utando na saitoplazimu, mbegu ya kunde iliyopenyezwa ndani ya puto ni kiini. Ondoa puto kwenye boksi na unayo seli ya mnyama, haina ukuta, inabonyea. Swali lililobaki ni kwa nini mti unasimama wima bila mifupa, nao watalijibu kwa kulitazama boksi. Kuhusu historia, sentensi moja inatosha: mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha kizibo kwa hadubini, akaona vijumba vitupu, akavipa jina. Vilikuwa vitupu kwa sababu vilishakufa.

Yai nalilazimisha kuwepo kwa sababu watoto hulipenda, ila lina mtego. Yai lisilorutubishwa, kama lile la kisasa linalouzwa kwa trei, kile cha njano chote ni seli moja; ute na ganda si sehemu ya seli. Kwa Kiswahili hiyo njano tunaiita kiini, na mtoto ambaye jana amejifunza kiini cha seli atakwambia kwamba ndicho hiki. Sicho. Pasua yai kwenye sahani, mwonyeshe doa dogo jeupe juu ya njano: kiini cha seli kiko hapo, na njano ni akiba ya chakula. Yai la kienyeji ambalo jogoo amehusika lina habari nyingine, kwani kufikia wakati linatagwa doa hilo limeshagawanyika kuwa maelfu ya seli. Hiyo peke yake ni kipindi kizima cha maswali.

Hatua ya nne: rudini kwenye mraba

Kabla ya kutoka, funika nusu ya mraba mmoja wenye nyasi kwa kipande cha boksi lililowekewa mawe, ukiache wiki moja hadi mbili. Mkirudi nyasi za chini yake zimepauka na kuwa njano. Mtoto aliyejifunza kloroplasti darasani anaweza kueleza sasa: hakuna mwanga, klorofili imepotea, jani halitengenezi chakula. Kama nyasi zikifa, panzi ale nini? Hapo mnyororo wa chakula umeanza wenyewe, nyasi kwa panzi, panzi kwa mjusi, mjusi kwa kipanga.

Mshale ndio unaowaangusha wengi. Watoto huchora kipanga akimwelekezea mjusi mshale, kwa kuwa kipanga ndiye anayekamata. Waambie mshale unaonyesha chakula kinakwenda wapi, tumboni mwa nani. Kila anayekosea asimame mbele na akabidhi muhindi kwa mwenzake, kisha achore mwelekeo wa muhindi.

Mnyororo ukieleweka, fanyeni mtandao. Watoto ishirini wasimame duara, kila mmoja na kadi: jua, nyasi, mwembe, panzi, sisimizi, mchwa, kuku, mjusi, chura, kuvu, na kadhalika, wote kutoka kwenye daftari zao. Uzi wa kufuma upite kutoka kwa anayeliwa hadi kwa anayekula, mara nyingi kadiri inavyowezekana. Kisha mwambie mchwa auvute uzi wake kidogo. Kila anayehisi mvuto anyanyue mkono, naye avute wake. Kwa kawaida mikono inafika hadi kwa watoto ambao hawakujua wana uhusiano wowote na mchwa. Usimsahau kuvu na mchwa, maana bila waozeshaji kila jani lililoanguka lingebaki pale pale.

Kwa Darasa la VI wape kisa cha kweli chenye mshangao, na kwa Tanzania sioni kinachozidi cha Serengeti. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, uliingia Pembe ya Afrika na katika miaka ya 1890 ukafagia ng'ombe wa wafugaji wa Afrika Mashariki pamoja na nyumbu na nyati. Ukabaki ukiua ndama wa nyumbu kwa miongo mingi. Ng'ombe walioizunguka Serengeti walipochanjwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sotoka ikawatoka nyumbu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa takriban milioni 1.3. Simamisha hadithi hapo uulize: nini kilifuata? Watasema simba na fisi waliongezeka, na ni kweli. Wachache sana watafika kwenye miti. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi kavu za kiangazi zikapungua, moto ukakosa cha kuchoma, na miche ya miti ikapona na kukua. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti. Wape dakika kumi wachore mishale ya kisa hicho bila msaada wako. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili kufikia hapo baada ya ndui.

Walimu wa Mwanza, Mara na Kagera wana kisa chao nyumbani: sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akaongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980 na kuwamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi. Sangara ana mafuta, haanikwi juani kama dagaa, hivyo kumkausha kulihitaji kuni. Watoto wa huko watajua wenyewe kuni zilitoka wapi.

Namna ya kupima

Usitoe swali la "eleza maana ya". Toa mraba wa kubuni kwenye karatasi, wenye mwarobaini, nyasi, uyoga, jongoo, buibui, chura, jiwe na dimbwi, kisha uliza: tengeneza ufunguo wa maswali matano wa kutofautisha viumbe hao, chora minyororo miwili ya chakula, sema nani ataathirika dimbwi likikauka na kwa sababu gani, taja viumbe wawili ambao seli zao zina ukuta. Kwenye hilo la mwisho wengi watataja mwarobaini na nyasi. Atakayetaja uyoga mpe alama kamili, maana seli za kuvu nazo zina ukuta ingawa si mmea.

Unaposahihisha ufunguo, usitafute unaofanana na wako. Ufuate kama msafiri: chukua jongoo, jibu maswali ya mtoto moja baada ya jingine, uone kama unafika kwa jongoo. Ukifika, ni sahihi, hata kama swali lake la kwanza lilikuwa "analala ndani ya maji?" Daftari za miraba zikusanywe na kuwekwa kabatini zikiwa na tarehe, ili mvua za masika zikianza vikundi vipime upya pale pale na kulinganisha.